Nimekwenda Pwani Bila Kazi

Kwetu Busunzu mtu hasafiri bila sababu inayoeleweka. Kuna msiba, kuna harusi, kuna rufaa ya hospitali, kuna mtoto aliyepangiwa shule ya mbali. Nilipowaambia wenzangu wa kikoba kwamba mgao wangu safari hii sinunui bati, nakwenda Unguja, mweka hazina aliacha kuhesabu noti akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nani amefariki?"

Nikasema hakuna aliyefariki.

"Basi umepata kazi huko."

Nikasema kazi ninayo, mimi ni muuguzi na wote wananijua, ila sasa niko likizo.

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa," nikajibu. Kikao kizima kikacheka, na sanduku letu lenye kufuli tatu likabaki wazi bila mtu wa kulitazama.

Sikuwalaumu. Busunzu ni nchi ya vilima mkoani Kigoma, kando ya barabara ya Kasulu na Kibondo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Julai tunavaa masweta. Tunalima muhogo, mahindi na maharage, tunatundika mizinga porini, na kwa watu wa Buha pwani imekuwa siku zote mahali pa kwenda kuchuma. Wakati wa Mwingereza mkoa wetu haukupewa mashamba makubwa ya biashara. Ulikuwa wa kutoa watu. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, iliandikisha vijana wetu na kuwasafirisha kwa treni hadi Tanga na Morogoro kukata mkonge. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa manamba hao. Alirudi na baiskeli, koti, na kovu la mwiba wa mkonge karibu na jicho. Alikuwa akitusimulia habari za Tanga hadi usiku mwingi, lakini tulipomuuliza habari za bahari alisema aliiona siku moja tu, Jumapili, akiwa na wenzake, na hawakukaa kwa sababu njia ya kurudi kambini ilikuwa ndefu. Nilikuwa mtoto, na jibu hilo halikuniridhisha.

Safari ya siku hizi si kama ile ya zamani. Nakumbuka mabasi ya Kibondo yakisindikizwa na askari wenye bunduki kupita kwenye misitu, kwa sababu ya majambazi, na vumbi jekundu likiingia hadi kwenye mayai ya kuchemsha tuliyobeba. Sasa lami imeunganika, na nililala usingizi Kakonko nikaamshwa na wauza mahindi wa Nyakanazi. Kahama, Nzega, Singida. Dodoma nikashuka nikapanda treni ya umeme. Juu ya treni hiyo nina neno moja: inakwenda haraka mno kwa mtu anayetaka kuona nchi. Babu alipita njia hiyo hiyo ya reli ya kati kwa siku kadhaa, na alizijua stesheni zote kwa majina. Mimi nilifumba macho Kilosa, nikayafumbua Dar es Salaam.

Boti ya kwenda Unguja huchukua kama saa mbili. Julai ni kusi, upepo unatoka kusini na bahari ina mawimbi, hivyo nilimeza kidonge cha kichefuchefu kabla hata ya kupanda ngazi. Jirani yangu wa kiti, kijana aliyevaa miwani ya jua, alinicheka. Tulipopita katikati ya mkondo aliniomba kidonge, lakini wakati huo kidonge hakikuwa na la kufanya tena, nilimpa mfuko.

Mjini sikukaa sana. Nilikwenda Mkunazini kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mwelekezi alikuwa akiwaeleza wageni kwamba misafara ilitoka Ujiji. Alitamka "Ujiji" kana kwamba ni nchi ya hadithi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi Ujiji nakwenda kununua migebuka, nikaona nimwache amalize kazi yake.

Daladala ya Jambiani ni namba 309. Tuliondoka mjini tumebanana na magunia ya unga, mabati ya rangi, na kuku mmoja aliyekuwa mtulivu kuliko kondakta. Barabara inapita msitu wa Jozani, penye kima punju, wale wenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama, ambao huonekana katika visiwa hivi tu. Baada ya Jozani ardhi inabadilika ghafla. Miti mirefu inakwisha, linabaki jiwe. Jiwe kavu la kijivu lenye matundu, limetapakaa pande zote, na vichaka vimejipenyeza katikati. Mimi ni mtoto wa mkulima, na kabla sijaiona bahari swali lililonijia lilikuwa hili: watu wa huku wanakula nini?

Bahari niliiona jioni, imejaa, ya buluu na kijani, inapiga ukuta wa nyumba niliyofikia. Nikasema kesho nitaamka niiangalie vizuri. Asubuhi nikafungua mlango, haipo.

Nasema haipo. Mbele yangu kulikuwa na uwanja wa mchanga na matope meupe unaokwenda mbali, wenye vidimbwi na majani, ngalawa zimelala kwa ubavu, na mwisho kabisa, mbali, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Ziwa Tanganyika nalijua. Linaweza kuchafuka, linaweza kuzamisha watu, lakini ukiliacha jioni asubuhi unalikuta pale pale. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyeniita mwanangu tangu dakika ya kwanza ingawa hatupishani sana, alinikuta nimesimama na mswaki mkononi.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Maji yamekwenda wapi?"

"Marahaba. Yamekupwa. Ni bamvua hili, mwezi ni mchanga. Mchana yatarudi."

Akanieleza hesabu ambayo watoto wa Jambiani wanaijua kabla ya kuhesabu vidole. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita nne hivi. Kwa hiyo hapa saa ya ukutani ni ya skuli na daladala tu. Mambo mengine yote, tangu kupika hadi kwenda kumtazama mgonjwa, yanapangwa na mwezi. Harusi nayo? nikauliza. Akacheka: "Harusi hata. Nani atakuja kukupikia, watu wako mwanini?"

Na kweli walikuwa mwanini. Nilipotazama vizuri ule uwanja nikaona nukta za rangi, nyekundu, njano, zambarau: wanawake waliojifunga kanga, wameinama. Nikavaa viatu vya plastiki, maana niliambiwa kuna mnyama mweusi wa miiba ambaye ukimkanyaga utashinda kutwa unatolewa miiba, nami kazi ya kutoa miiba naifanya mwaka mzima na sikutaka kuifanya likizoni. Nikaenda kwa miguu ndani ya bahari. Maji ya vuguvugu yalifika vifundoni. Nilipita juu ya viti vya pweza vya rangi ya chungwa, kaa wadogo wakikimbilia mashimoni, na mzee mmoja akirekebisha dema lake la kutegea samaki bila kuniangalia.

Mashamba ya mwani yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama matuta yetu ya viazi. Vijiti viwili vimekitwa mchangani, kati yake imevutwa kamba, na kwenye kamba kila baada ya shubiri moja imening'inia taitai, kipande cha uzi wa plastiki. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kabisa majini, kanga imeelea ubavuni. Nikachuchumaa karibu nimtazame. Mkono wa kushoto unashika tawi la mwani la urefu wa kidole gumba. Wa kulia unapitisha taitai, unaizungusha, unavuta. Anahamia inayofuata. Hakutazama mikono yake hata mara moja, alikuwa akizungumza na jirani yake habari za mkopo wa cherehani. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa nyeupe na imekunjamana, kwenye viungo kulikuwa na michubuko midogo iliyowekwa wazi na chumvi, na macho yalikuwa mekundu kwa mng'ao wa jua juu ya maji. Nilijikuta nimeanza kazi: nikamuuliza anaweka nini kwenye vidonda usiku.

"Mafuta ya nazi," akasema. "Wewe daktari?"

"Muuguzi."

"Umeletwa na mradi?"

Nikasema sikuletwa na mtu. Akanitazama kama walivyonitazama wa kikoba.

Mwani wa biashara ulianza hapa, Jambiani na jirani zao wa Paje, mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mwanzoni wanaume walilima pia. Bei ilipokuwa ndogo wakarudi kwenye samaki, na utalii ulipokuja wakaenda kwenye utalii, wanawake wakabaki nao. Unakua wiki sita hivi, unavunwa, unaanikwa juani. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi zinatoa kilo moja kavu, na kilo hiyo hulipwa kwa mamia ya shilingi. Kampuni zinaununua na kuupeleka nje, huko wanautoa ute wa kuzifanya dawa za meno, aiskrimu na vipodozi ziwe nzito. Yule mama alinionyesha aina anayolima, spinosamu, nyembamba yenye miiba laini. Ile nyingine nene, kotonii, ndiyo yenye bei, lakini maji yamekuwa ya moto mno: inapauka, inaoza, inakatika kwenye kamba. Mtaalamu wa mwani anayejulikana sana Zanzibar, Dokta Flower Msuya, amefundisha vikundi kuilima kwenye maji ya kina zaidi ndani ya nyavu za mfano wa mirija, mahali ambapo maji hayachemki mchana. Tatizo, huko kwenye kina unahitaji chombo, na unahitaji kujua kuogelea. Wanawake wengi wa hapa hawakufundishwa kuogelea. Wamezaliwa mita kumi kutoka baharini, lakini wakati wao wa kuwa ndani yake ni pale inapokuwa haipo.

Halafu kuna tasi. Tasi ni samaki mdogo mtamu anayependa mwani kuliko alivyo na haya. "Tunamlisha, halafu wanaume wanamvua, halafu tunamnunua," alisema jirani yake, na wote wakacheka kicheko cha watu waliokwisha kusema jambo hilo mara nyingi.

Maji yalianza kurudi kimya, kwanza kwenye mifereji, kisha yakapanda bila haraka hadi magotini. Hakuna aliyepiga mbiu. Wakafunga mafurushi, wakayatwisha, tukarudi kwa mstari mmoja. Kufika ufukweni, wale wazungu walioamka saa nne walikuwa ndio kwanza wanajilaza kwenye viti vya kamba wapate jua. Tuliwapita mbele yao tukitiririka maji.

Na sasa niseme habari ya mlinzi. Siku moja niliamua kutembea kwa miguu kandokando ya maji kutoka Jambiani kwenda Paje. Mchanga wa huku ni mweupe kwa sababu ni matumbawe yaliyosagika, haushiki joto sana, unaweza kutembea peku hata saa sita. Nilikuwa nimevaa gauni, mtandio kichwani, viatu mkononi, nikijisikia mtu wa maana. Mbele ya hoteli moja kijana wa ulinzi akanijia, mpole, mwenye adabu zote.

"Mama shikamoo. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Simtafuti mtu."

"Maana kama ni kazi, wanaoandika watu hawapo leo. Na mlango wenyewe ni ule wa nyuma."

"Mwanangu, natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

Nikamwambia Paje. "Kuna kazi Paje?" akauliza, sasa kwa hamu ya kweli, kwa ajili yake mwenyewe. Nikaona hasira haina pa kukaa. Mbele yetu alipita mama mmoja wa Kizungu mwenye umri wangu, naye amevaa gauni, viatu mkononi, na hakuna aliyemuuliza. Nilimwambia yule kijana kwamba mimi ni mgeni, nimekuja kupumzika, nimelipa kwa hela yangu. Alifikiri kidogo, akasema: "Basi pumzika vizuri, mama," akanisindikiza hadi mwisho wa ukuta wa hoteli, sijui kwa heshima au kwa kuhakikisha.

Paje ni uwanja wa vishada. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi upepo unavuma sawasawa bila kukatika, na ndani ya mwamba maji ni mapana na hayana kina, kwa hiyo watu wanatoka Ulaya kuja kujifunga kwenye vishada vikubwa na kuteleza juu ya bahari kwa ubao. Nilihesabu vishada nikapotea. Ni kitu cha kupendeza, sikatai; lakini chini yake, penye vijiti vya mwani vilivyokuwa vimefunikwa na maji, nilikwisha kuona kamba zilizokatwa na mbao hizo, na nikajua nani atazifunga upya bamvua lijalo.

Hapo Paje ndipo nilipomkuta mtu wa kwetu. Alikuwa juu ya mnazi, amejifunga kamba miguuni, anaangusha nazi changa moja moja huku mwenzake chini akizuia watu wasipite. Hoteli zinalipa wakwezi waondoe nazi zisije zikamwangukia mgeni kichwani. Alishuka, nikamsalimu, na aliposikia lafudhi yangu akaacha kufuta jasho.

"Mama, wewe umetoka kwetu!"

Akachuchumaa pale pale mchangani akanisalimu Kiha, akipiga makofi polepole kama inavyotakiwa kwa mtu mzima, na Wazungu wawili wakadhani ni maonyesho, wakatoa simu. Kijana huyu ni wa Mwandiga. Alikua akipanda michikichi, anakata mikungu ya chikichi kwa ajili ya mawese. Alipokuja Unguja akaona mnazi ni mrefu zaidi lakini hauna miiba, akasema hii ni riziki. Anatuma hela nyumbani. Tukazungumza habari za bei ya mawese, za daraja, za nani kaoa. Nilimuuliza kama anaipenda bahari. Akaitazama kama kitu alichokuwa hajaulizwa.

"Kutoka juu naiona yote," akasema. "Lakini kuingia, mama, naingia saa ngapi?"

Babu angelimwelewa kijana yule.

Mimi niliingia siku hiyo hiyo, jioni, maji yakiwa yamejaa. Mwenye nyumba alinipa kanga kuukuu, akaja yeye na binti zake, tukakaa kwenye maji hadi kiunoni, watu wazima, bila kufanya lolote. Chumvi iliniingia mdomoni na kwenye mkwaruzo wa goti. Watoto walikuwa wakiruka kutoka kwenye ngalawa. Mawimbi yalituinua kidogo na kuturudisha chini, na kila tulipoinuliwa Bi mkubwa alisema "Alhamdulillahi," hata nikaanza kucheka bila kujua nacheka nini. Hilo ndilo jibu la swali la mweka hazina, ingawa sidhani kama litamtosha.

Lile swali jingine, watu wa huku wanakula nini, nilijibiwa maweni. Bi mkubwa ana shamba, akanipeleka kuliona. Kutoka kijijini unaingia nyuma, upande wa magharibi wa barabara, na ni jiwe tupu. Lakini ndani ya jiwe kuna mashimo, mengine upana wa sinia, mengine upana wa chumba, na ndani ya mashimo kuna udongo mwekundu, wa kuchota kwa kiganja. Humo wanapanda muhogo, kunde, mtama, mipapai. Kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa zinazuia ng'ombe na nguruwe mwitu. Wakishalima misimu michache wanaacha vichaka virudi, wanahamia mashimo mengine. Niliokota udongo huo nikaufikicha. Kwetu jembe linazama hadi mpini na tunalalamika kwamba mvua imechelewa. Bi mkubwa aling'oa shina moja, muhogo ukatoka umejipinda kufuata umbo la mawe, hauna mmoja ulionyooka, akaumenya kwa kisu kidogo akanipa kipande nile kibichi. Ulikuwa mtamu. Usiku aliupika kwa tui la nazi na kipande cha pweza aliyepigwa chini mara nyingi hadi akalainika, nami nikamweleza jinsi sisi tunavyouloweka, tunauanika, tunautwanga, tunasonga ugali wa kuvutika wa kulia migebuka. Alisikiliza kwa adabu. "Muhogo mnaufanya unga wote?" akauliza, na nilijua kwamba anatusikitikia.

Kizimkazi nilikwenda kwa haraka haraka. Watu wengi huenda kwa ajili ya pomboo. Mimi sikupenda jinsi boti zilivyokuwa zikiwazunguka, nikabaki nchi kavu. Nilikwenda Dimbani kuuona msikiti ambao kwenye kibla chake kuna maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kwa nje ni nyumba ndogo ya bati ambayo ungeipita. Ndani bado watu wanasali, na mlinzi wa msikiti anasubiri mgeni avue viatu kabla ya kumwonyesha herufi zilizochongwa kwenye jiwe la matumbawe.

Bahati yangu, likizo iliangukia Mwaka Kogwa. Watu wa Makunduchi husherehekea mwaka mpya wao mwezi wa Julai, kwa kalenda ya jua iliyotoka Uajemi, na desturi inataka kila nyumba ipate mgeni siku hiyo. Nyumba isiyo na mgeni inaonekana imekosa furaha. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nitoke Busunzu nilikuwa mahali ambapo kuja bila kazi ni kazi yenyewe. Nilivutwa mikono na nyumba mbili kabla sijafika uwanjani.

Uwanjani wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini walikuwa wakipigana kwa mashina na makuti ya migomba. Wanapigana kwelikweli. Zamani walitumia fimbo, sasa mgomba, na makusudi yake ni kutoa kinyongo cha mwaka mzima ili mwaka mpya uanze mioyo ikiwa mitupu. Nilikuwa nimebeba pamba na dawa ya vidonda kwenye mkoba, tabia tu, na nilisimama mbele nikitazama damu. Sikupata hata mgonjwa mmoja. Mgomba unapasuka kabla ya ngozi; unatoa sauti kubwa, maji yanaruka, mtu anachafuka shati, basi. Kwetu mgomba ni ndizi na ni pombe, na mzee wa Buha angeumia kuona mashina yanavyoharibiwa. Wanawake walikuwa wamevaa nguo mpya, wanazunguka uwanja wakiimba mafumbo ya kuwasema wanaume, na baadhi ya mafumbo hayakuwa mafumbo. Halafu likachomwa banda la makuti, mzee wa mila akatoka mbio moshini, na watu wakatazama moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Nilimuuliza aliyesimama karibu yangu, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, moshi umesema nini.

"Umekwenda kaskazini," akasema. "Kusi hili, utakwenda wapi pengine?"

Nikala pilau nyumba ya kwanza, na ya pili nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa sababu kukataa ni matusi. Mama wa nyumba ya pili anauza duka, na aliposikia Kigoma hakuuliza Livingstone wala mwisho wa reli. Aliuliza maharage.

"Yale ya njano, yanayoiva upesi. Gunia kwenu shilingi ngapi?"

Nikamtajia bei ya baada ya mavuno. Akaweka sahani chini. Akauliza usafiri wa basi hadi Dar, ushuru wa bandarini, kama wadudu hawaingii njiani. Nikampa habari za asali pia, ya Kibondo, ya porini, akataka kujua rangi yake. Yeye kwa upande wake akaniletea pweza mkavu kwenye karatasi, akasema mtu wa bara akimzoea huyu hamwachi, na kwamba anaweza kunipatia kilo nyingi siku za bamvua. Nikampigia simu mweka hazina wa kikoba palepale, nikaweka sauti kubwa, nikampa mama wa duka azungumze naye mwenyewe. Walisalimiana kwa muda mrefu, kila mmoja akimrudishia mwenzake heshima. Kisha mweka hazina akauliza: "Gunia mnalipima kwa kilo mia au kwa lumbesa?"

"Kwa kilo, dada. Huku lumbesa hatuitaki."

"Basi subiri," akasema mweka hazina, "nichukue kalamu."